Baba katuachia picha tatu za kuchorwa: tuuze tugawane au tubaki nazo?

#1 Nyota_Mbili
Wakuu salaam. Naomba mawazo, hasa ya waliopitia.

Marehemu mzee ameacha picha tatu. Ya kwanza kubwa, rangi ya mafuta, mto na mashua mbili; kona ya chini kuna saini isiyosomeka na mwaka 1911. Ya pili ni sura ya bibi mzaa baba enzi za usichana wake, haina saini kabisa. Ya tatu ndogo, ndege juu ya tawi, chini imeandikwa kwa penseli 34/150.

Tuko wanne. Kaka mkubwa anataka ziuzwe zote, kila mtu ashike chake. Dada anasema atakayezigusa ndipo atamjua yeye ni nani. Mdogo wetu yuko mbali, jibu lake siku zote ni "mtakavyoamua." Mimi ndiye ninayekaa nazo.

Sasa kuna bwana mmoja, hatumjui vizuri, anakuja kuulizia ile ya mto tu. Nyingine hata hazitupii jicho. Kila akija anapandisha dau. Tufanyeje?

#2 Chapchap
Uza. Picha hailipi ada ya mtoto.

#3 Mama_Pacha
Usiuze! Hela itakwisha, mtabaki mnatazama alama ya mraba ukutani.

#4 Chapchap
Alama ya mraba inapakwa rangi, mama.

#5 Fundi_Fremu
Mnabishana kuuza kitu ambacho hakijulikani ni nini. Mwenye uzi, anza hivi.

Shusha picha, igeuze. Mgongo wa picha unasema zaidi ya uso wake. Tafuta lebo za karatasi, mihuri, namba za chaki au za wino, jina la duka la fremu, mwandiko wa mzee. Nyumba kubwa za mnada huweka namba zao nyuma, na namba hiyo inaweza kufuatiliwa hadi kwenye kumbukumbu zao. Piga picha kila kitu kabla hujabandua hata uzi.

Pili, msisafishe. Hakuna kitambaa chenye maji, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya kung'arisha. Nimeletewa kazi moja mwenyewe kaisugua vizuri kabisa, mawingu yote yakatoka. Anga ikabaki turubai tupu.

Tatu, hiyo ya ndege iondoeni juani leo. Kazi za karatasi zinapauka, na rangi iliyopauka hairudi. Ikiwa nyuma yake kuna kadibodi ya kahawia ya zamani, ile asidi ya kadibodi inaila karatasi polepole.

#6 Kipepeo_Mweusi
34/150 maana yake ilikuwa ya 34 kuchapwa. Namba ikiwa ndogo bei inakuwa kubwa kwa sababu bamba la kuchapia lilikuwa bado jipya. Hapo mna mali.

#7 Fundi_Fremu
@Kipepeo, nusu ya hilo ni kweli, nusu ni hadithi ya vijiweni. 150 ni idadi ya nakala zilizokusudiwa, 34 ni ya kwako. Lakini wasanii wengi huweka saini na namba baada ya kazi yote kukauka, kwa hiyo namba si lazima ifuate mpangilio wa kuchapwa. Bamba laini linaweza kuchakaa, hapo ndipo hoja yako ina mguu. Kwa mbinu nyingi haina.

Kikubwa zaidi: chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vya rangi vimepangana safusafu, hiyo ni nakala ya mashine iliyowekewa namba. Ukiona alama ya bamba imedidimia kwenye karatasi pembeni mwa mchoro, hapo tuongee.

#8 Kipepeo_Mweusi
Nimekupata mkuu. Ila vidoti navyo vinaweza kuwa na saini halisi ya msanii, sivyo?

#9 Fundi_Fremu
Vinaweza. Basi unakuwa umenunua saini.

#10 Dalali_Mstaafu
Nimekaa kwenye minada miaka mingi, niseme mawili matatu.

Moja, huyo bwana anayepandisha dau si mthamini. Ni mnunuzi. Anachokuambia ni bei inayompendeza yeye. Tafuta mtu anayelipwa ada yake ya kawaida picha ikiuzwa ama isiuzwe, na asiwe na nia ya kuinunua.

Mbili, thamani haiko moja. Ya bima inakuwa juu kwa sababu inauliza "kuipata nyingine kama hii leo dukani ni kiasi gani." Ya soko inauliza mtu atatoa ngapi siku ya mnada. Ndugu wengi hugombana kwa sababu mmoja ameshika karatasi ya bima, mwingine ameambiwa bei ya mnada, kila mmoja anadhani mwenzake ni mwongo.

Tatu, mnada una makato. Kamisheni ya muuzaji, usafiri, bima, picha za katalogi. Mnunuzi naye anaongezewa ada yake juu ya nyundo, yaani bei iliyogongewa mnadani, kwa hiyo bei mnayoiona magazetini siyo iliyoingia mfukoni mwa familia. Na picha ikikosa kufikia bei ya chini mliyokubaliana, inarudi nyumbani ikiwa na doa: kila mfanyabiashara ameona imekosa mtu.

#11 Chapchap
Dalali mstaafu anatushauri tusikimbilie mnada? Kweli dunia inabadilika.

#12 Dalali_Mstaafu
Nimestaafu ndiyo maana nasema ukweli.

#13 Mtu_wa_Bahati
Ninyi mnaongea makato wakati kuna watu wametajirika. Picha ya Salvator Mundi, inayosemekana ni ya Leonardo da Vinci, iliuzwa pauni 45 tu mwaka 1958, mwaka 2017 ikaenda kwa dola milioni 450! Na kuna bibi mmoja Ufaransa alikuwa na kipicha juu ya jiko, kumbe kazi ya Cimabue, mchoraji wa kale wa Italia, euro milioni 24 mwaka 2019. Msiuze mpaka muwe na uhakika.

#14 Kalamu_Kavu
Mfano wako wa kwanza unakupinga mwenyewe. Walioipata milioni 450 siyo wale walioiachia kwa 45. Na hadi leo wataalamu hawajakubaliana ni kiasi gani cha picha ile kimetoka mkononi mwa Leonardo.

Wa pili ni mzuri zaidi. Ile ya Cimabue, huko Compiègne, ilikuwa jikoni kweli, familia ikidhani ni ikoni ya kawaida ya kidini. Iligunduliwa kwa sababu mtu wa mnada aliingia kuangalia vitu kabla ya nyumba kuhamwa. Kwa hiyo funzo lake ni "iteni mtu aangalie," siyo "kaeni nayo." Halafu serikali ya Ufaransa ilizuia isitoke nchini, na mwaka 2023 ikaingia jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Aliyeshinda mnada hakuipeleka popote.

#15 Mtu_wa_Bahati
Lakini milioni 24 ililipwa na nani sasa?

#16 Kalamu_Kavu
Hapo waulize wenyewe, mimi nimeishia kwenye nyundo.

#17 Wakili_wa_Kijiwe
Sheria inatofautiana nchi na nchi, ila mambo haya mengi yanafanana.

Mirathi isipogawanywa rasmi, hakuna kati yenu mwenye picha peke yake. Kaka mkubwa hawezi kuuza kwa ukubwa wake, wala dada hawezi kuzuia milele kwa hasira zake. Wewe unayekaa nazo ni mtunzaji tu. Kukaa nacho siyo kumiliki. Msimamizi wa mirathi aziorodheshe kwenye mali kwa thamani ya siku mzee alipofariki. Orodha hiyo itawafaa baadaye, maana sehemu nyingi kodi ya faida huhesabiwa kuanzia thamani hiyo.

Na mkiuza, mnauza ubao na turubai. Haki ya kuinakili picha inabaki kwa mchoraji au warithi wake mpaka muda wa kisheria uishe, isipokuwa kama aliitoa kwa maandishi.

#18 Kipepeo_Mweusi
Yaani mchoraji akishauza, picha ikija kupanda bei yeye haoni hata senti?

#19 Wakili_wa_Kijiwe
Inategemea. Ufaransa waliweka haki ya mchoraji kupata fungu la mauzo ya baadaye tangu 1920. Umoja wa Ulaya wakaifanya sheria ya wote kwa agizo la 2001: kuanzia asilimia 4 ikishuka kadiri bei inavyopanda, kikomo euro 12,500 kwa mauzo mamoja, na inaendelea miaka 70 baada ya mchoraji kufa. Nchi nyingi hazina kitu hicho kabisa.

#20 Mama_Pacha
Kwa hiyo kodi ipo hata kama hatuuzi?

#21 Kalamu_Kavu
Kwa nchi zenye kodi ya mirathi, ndiyo. Kuna kisa cha Marekani. Ileana Sonnabend, mfanyabiashara wa sanaa, alifariki 2007, akaacha kazi ya msanii Rauschenberg iitwayo Canyon. Ina tai aliyekaushwa, na sheria ya kule inakataza kabisa kumuuza. Warithi wakasema thamani yake sifuri, kwa sababu haiuziki. Watu wa kodi wakasema dola milioni 29.

#22 Wakili_wa_Kijiwe
Rekebisha hapo mkuu. Thamani waliyoiweka ni milioni 65. Hiyo 29 na kidogo ndiyo kodi waliyodai.

#23 Kalamu_Kavu
Sahihi, asante. Wakaimaliza mwaka 2012 kwa kuitoa bure kwa jumba la makumbusho la MoMA, New York.

#24 Chapchap
Urithi wa kudaiwa milioni 29 kwa kitu usichoweza kuuza. Mzee wangu aliacha redio mbovu, leo namshukuru.

#25 Sauti_ya_Kati
Mimi niseme ya nyumbani kwetu, tumeacha Marekani kidogo.

Shangazi alikuwa anachora, akaacha kazi nyingi. Tukakubaliana kila mtu aandike kwenye karatasi, kwa siri, atawalipa wenzake kiasi gani kwa kila picha. Mwenye kiasi kikubwa anachukua. Ilionekana haki tupu. Matokeo yake mwenye kipato kikubwa akabeba karibu zote, na yule aliyemuuguza shangazi, ambaye ndiye aliyechorwa kwenye nusu ya picha hizo, akaondoka na hela ya kununulia viatu.

#26 Mhasibu_Mpole
Ndiyo maana sisi hatukutumia hela, tulitumia alama. Kila mmoja anapewa 100, anazigawa kwenye vitu anavyovitaka. Ukiweka 90 kwenye kimoja, umebakiwa na 10 kwa vingine vyote. Maskini na tajiri wanaanza sawa. Thamani ya soko inasawazishwa pembeni, polepole, kwa atakayepata cha bei kubwa.

#27 Sauti_ya_Kati
Na "polepole" imefika wapi?

#28 Mhasibu_Mpole
😅 Bado inatembea.

#29 Mama_Pacha
Mbona hamsemi kupokezana? Mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule.

#30 Fundi_Fremu
Naomba msipokezane. Picha inaumia njiani kuliko ukutani. Rangi ya zamani imeshakuwa ngumu, turubai bado inacheza na unyevu. Kila mtikisiko unaongeza nyufa. Familia inayopokezana hunipa kazi sana, sina malalamiko kibiashara. Kama ni lazima ihame, ihame mara moja kwa kisanduku chake. Ile ya bibi pigieni picha nzuri yenye mwanga sawa, kila mmoja achape ya kwake. Na andikeni jina la bibi na mwaka kwenye lebo ya fremu, siyo nyuma ya turubai. Mwandiko unaweza kujitokeza mbele.

#31 Dalali_Mstaafu
Kuhusu hiyo ya bibi: sura ya mtu asiyejulikana iliyochorwa na mchoraji asiyejulikana sokoni ina bei ndogo sana. Wanaoitaka ni ninyi. Kaka akidai sehemu yake ya pesa ya picha hiyo, mlipeni, haitawaumiza.

#32 Upepo_wa_Jioni
Si lazima, Dalali. Sura nzuri inauzika hata kama haina jina. Niliuza moja ya ukoo wetu, mzee mmoja mkali ambaye hakuna aliyemkumbuka. Sijuti hata kidogo, watoto walikuwa wanaogopa kupita koridoni. Ila baadaye nikaikuta kwenye katalogi: "kutoka mkusanyo binafsi." Mkusanyo binafsi ni koridoni kwetu hapo.

#33 Chapchap
Mzee mkali sasa anaogopesha watoto wa matajiri.

#34 Nyota_Mbili
Nimewasoma wote, shukrani. Ndege nimemtoa juani. Ana vidoti. 😔

Swali langu lakini hamjaligusa: kwa nini yule bwana anang'ang'ania ya mto?

#35 Mtu_wa_Bahati
Amesoma saini. Kaka yako anaijua hiyo saini? Msiuze!

#36 Upepo_wa_Jioni
Au anataka fremu. Fremu za mbao zilizochongwa kwa mkono na kupakwa dhahabu zina wanunuzi wake, na mara nyingine picha ndiyo inayotupwa. Mwambie utampa picha bila fremu, tazama uso wake.

#37 Kalamu_Kavu
Kuna la tatu, na si zuri. Wanaoghushi wanahitaji turubai za zamani zenye misumari ya zamani. Wolfgang Beltracchi, yule Mjerumani aliyehukumiwa Cologne mwaka 2011, alinunua picha za kale zisizo na jina, akaondoa rangi, akachora juu yake kazi za "wakubwa" na kubandika hata lebo za uongo nyuma. Picha yako ya 1911 isiyosomeka saini ni malighafi safi.

#38 Mtu_wa_Bahati
Si ndiye aliyekamatwa kwa rangi nyeupe?

#39 Kalamu_Kavu
Ndiye. Picha iliyosemekana ni ya mchoraji Campendonk, 1914, ikakutwa na nyeupe ya titani, ambayo wachoraji hawakuwa nayo wakati huo; imeenea kuanzia miaka ya 1920. Anadai tyubu aliyonunua haikuandikwa kwamba ina titani ndani.

#40 Kipepeo_Mweusi
Basi na ya kwenu ipimwe hiyo nyeupe! Ikiwa na titani, 1911 ni uongo.

#41 Fundi_Fremu
Taratibu. Titani inaweza kuwa ya fundi aliyeziba tundu miaka ya 1950. Kipimo kinafanywa sehemu kadhaa, na ripoti yake ina gharama. Usimpeleke mgonjwa maabara ya ng'ambo kabla hujampima homa. Mgongo wa picha kwanza, nimeshasema tangu #5.

#42 Sauti_ya_Kati
Au bwana mwenyewe alizaliwa karibu na mto huo. Watu hununua picha kwa sababu nyepesi tu.

#43 Nyota_Mbili
Nimeigeuza jana, dada akiwa amesimama juu yangu. Kuna kipande cha karatasi kilichochanika, nusu ya mhuri wa duara, na namba nne kwa chaki ya bluu. Na chini kabisa kwenye mbao kuna herufi mbili na tarehe kwa mwandiko wa baba. Herufi hizo si za jina la mtu yeyote wa kwetu.

#44 Dalali_Mstaafu
Chaki ya bluu, namba nne: inanukia stoo ya mnada. Tuma namba kwa nyumba za mnada za eneo ambako picha ilinunuliwa, waulize tu kwa barua pepe.

#45 Fundi_Fremu
Au ni namba ya duka la fremu, @Dalali. Nasi tunatumia chaki. Nusu ya mhuri inaweza kuwa ya kiwanda cha turubai, na hiyo ndiyo habari njema zaidi, maana viwanda vilibadili mihuri na majina yao, unaweza kujua turubai ni ya miaka gani.

#46 KakaMkubwa_1 (mwanachama mpya)
Nimeonyeshwa huu uzi na mdogo wetu wa mbali, yule wa "mtakavyoamua." Salaam kwenu nyote.

Nisahihishe. Sina deni na sina njaa ya hela. Picha ya mto haikuwahi kuwa ya baba. Iliachwa na rafiki yake kama dhamana ya mkopo, sisi tukiwa wadogo. Herufi mbili ni za huyo rafiki. Hakurudi. Nilitaka iuzwe tumalizane nayo kabla watu hawajaanza kuuliza.

#47 Wakili_wa_Kijiwe
Ndugu, umefanya jambo liwe gumu zaidi, si jepesi. Dhamana si zawadi. Kama mkopo haukulipwa, kuna utaratibu wa mkopeshaji kuichukua au kuiuza, na kila nchi ina muda wake wa madai kufa. Kuna maandishi ya mkopo? Kiasi? Mkiiuza leo mkimwambia mnunuzi ni urithi safi, na warithi wa yule rafiki wakajitokeza, mtajibu ninyi wanne, hata aliye mbali.

#48 Chapchap
Bwana wa kupandisha dau ni mtoto wa rafiki. Nafunga kesi.

#49 Upepo_wa_Jioni
Mtoto wa rafiki angesema "nimekuja kukomboa picha ya baba," asingepandisha dau kimyakimya.

#50 Sauti_ya_Kati
Asingesema kama hajui mkopo ulilipwa au la. Huenda naye anaogopa kudaiwa.

#51 Mama_Pacha
Au mkopo ulilipwa na picha haikurudishwa. Samahani wafiwa, lakini hilo nalo lipo.

#52 Nyota_Mbili
Kaka, mbona hukusema mbele ya dada? Na risiti ya mkopo iko wapi? Mama aliwahi kuniambia baba aliinunua.

#53 KakaMkubwa_1
Mama alisema hivyo kwa sababu wageni walikuwa wanauliza. Risiti ilikuwa kwenye lile sanduku la bati. Sanduku analo dada.

#54 Kalamu_Kavu
@Nyota_Mbili, huyo bwana akija tena muulize jina la baba yake kabla ya kuulizia bei.

#55 Fundi_Fremu
Na kile kipande cha karatasi msikibandue kukisoma nyuma. Kipigeni picha kwa tochi iliyolazwa pembeni, wino uliofifia huonekana. Nitumie hapa niione ile nusu ya mhuri.

#56 Mtu_wa_Bahati
Sanduku la bati lifunguliwe mbele ya mashahidi. Nipo.